Beseni la Bati

Jumapili ile mchungaji Wiebe alisema
mume ni kichwa,
na baba, Kornelius Harder, akaitikia kwa kidevu,
wanaume benchi za kulia, wanawake za kushoto,
vumbi la Chako likichungulia madirishani.

Kichwa! Tulikijua kichwa hicho.
Kikiinuka mezani, vijiko vinanyamaza.
Seng'enge iliponichana mkono
kiliniambia, Isbrand, jikaze kiume,
nami nikajikaza, mtoto wa miaka tisa,
damu ikidondokea kiatuni.

Kisha yakaletwa mabeseni.
Zamu ikamwangukia baba mbele ya Hiebert,
Hiebert aliyesogeza uzio wake hatua mbili
usiku, mwaka wa ukame,
uzio ukameza kisima chetu.
Kanisa zima lilijua.
Nikasikia magoti ya baba yakilia
kama bawaba za ghala.
Ukucha mmoja wa Hiebert ulikuwa mweusi, umekufa.
Baba aliuosha huo kwanza.
Akapangusa katikati ya vidole, taratibu,
kama mtu anayekausha kikombe cha kuazima.
Wakabusiana mashavu, ndiyo desturi.
Uzio haukurudi mahali pake.

Garini hakusema neno.
Mama alikaa nyuma na mimba ya saba,
miguu imefura,
viatu amevivua, amevipakata.

Usiku nikaamka kwenda haja.
Taa ya jikoni ilikuwa inawaka.
Beseni la bati, lile la kunyonyolea kuku,
na baba sakafuni bila koti,
kichwa kile kimeinama, upara unang'aa,
mikono iliyobeba ndama begani
haijui ikishike vipi kisigino.
Mama akacheka:
"Kornelius, maji ya moto haya,
waninyonyoa?"
Sikuwahi kumsikia akilitaja jina lake hivyo, jina tupu,
kama la mvulana.

Hapakuwa na mchungaji wala zaburi,
wala jicho ila langu kwenye ufa wa mlango.

Tangu hapo neno bwana hunichanganya.
Bwana wa nyumba,
Bwana aliyejifunga taulo kiunoni:
ulimi hauwatengi.

Leo nina umri aliokuwa nao baba.
Anneliese anarudi kutoka zahanati usiku,
amesimama kutwa kwenye saruji,
anakaa, anashusha pumzi, hasemi.
Beseni lipo. Lilitoboka, nimeliziba kwa lehemu.
Birika nalo linachemka.
Nimesimama hapa kama mlingoti,
nikitafuta namna ya kuanza.