Uwazi Na. 7

Programu inauliza: uwazi huu ni wa aina gani?
Upana. Kimo. Umbali kutoka sakafuni.
Umbo la juu: bapa, tao, au ncha kama ya mkuki.
Fremu ipo? Kioo kipo?
Na chini kabisa, kisanduku cheupe: jina la mtindo.

Nimeketi Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
kompyuta juu ya cherehani isiyoshona tena,
feni ikipekua michoro yangu
kama karani asiye na haraka.
Methali inatuogofya kwa ufa;
mimi mshahara wangu ni kutoboa kuta.

Mtindo, nilifundishwa, ni amri moja kwa wengi.
Ongeza sentimita kumi kwa Dirisha A,
na kila A nyumbani linanyanyuka
kama watoto wa chuoni mwalimu akiingia.
Raha iliyoje! Jana nilibofya mara moja tu,
nyumba nzima ya Bi Mwajabu ikafumbua macho.

Nzima. Hata kile kitundu cha jikoni.

Alikuja kutazama. Akavaa miwani,
akaivua, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena.
"Hili mmelifanyaje?"
Kidole chake kikaacha alama ya mafuta kwenye skrini.
"Nimelisawazisha, bibi, lifanane na wenzake."
"Halina wenzake."

Nikachukua utepe, nikamfuata uani.
Tundu lenyewe halina fremu, halina nondo.
Ukuta wa mawe na udongo, unene arobaini na mbili.
Kizingiti kimelika katikati
kama jiwe la kunolea visu.
Upana: arobaini na tisa.
Mbona arobaini na tisa, niliuliza, kama mtu anayeuliza utepe.
Akajibu yeye. Akatoa sinia,
akalipitisha bapa, bila kulikwaruza;
kila upande pakabaki kidole gumba.

Ng'ambo aliishi Mama Sechonge.
Mchuzi ulikwenda, ndizi zikarudi.
Usiku mmoja alipitishwa hapo mtoto wa degedege,
miguu mbele,
maana kuzunguka hadi mlangoni kulikuwa mbali.
Mwaka mmoja pia lilizibwa kwa gunia, pande zote mbili,
na hakuna aliyekumbuka kwa ugomvi gani.

Kiwanja kimeuzwa. Shubiri moja kutoka tunduni
umesimama ukuta wa tofali za saruji, haujapigwa lipu.
Niliingiza mkono; kiganja kikagota.
"Bibi, halitazami kitu."
"Wewe unachora nyumba yangu au ya jirani?"

Programu ina sheria yake: uwazi hauishi peke yake.
Futa ukuta, na uwazi unafutika nao,
bila onyo, bila hitma.
Ila haisemi neno
juu ya ukuta unaoota mbele ya uwazi.

Usiku huu nafungua mtindo mpya.
Upana: milimita mia nne na tisini.
Kutoka sakafuni: hadi kiwiko cha Bi Mwajabu,
kile cha ujanani; cha leo kimeshuka kidogo.
Juu: bapa. Hapana, boriti imechoka, imepinda,
na kwenye orodha hakuna kuchoka.
Nachagua tao, nalishusha, nalishusha,
hadi linakaribia kuacha kuwa tao.
Fremu: hakuna. Kioo: hakuna.
Idadi: moja.
Jina: naandika Sechonge,
na mashine inapokea bila kuuliza ni nani.

Mtu wa halmashauri atauliza.
Fundi Semng'indo atauliza pia,
yeye ambaye huuliza huku ameshakoroga saruji.
Kwenye jedwali la milango na madirisha
kuna safu ya maelezo; huwa naiacha tupu.
Leo nimeandika:
sinia lipite.