Hasi

Jumanne nililala na vidole vyangu,
Jumatano nikaamka na vya mtu mwingine:
vimevimba, vina moto, havikunjiki.
Kifuniko cha birika kikanishinda.
Mtoto wa jirani ndiye aliyenifunga vifungo.

Bi Mwanamkuu akasema: baridi yabisi.
Shemeji Famau akasema: jicho,
kofia zako zimesifiwa mno Langoni.
Nikapakwa mafuta ya nyonyo, nikafukizwa udi,
nikanukia kama bibi harusi
asiyeweza kushika kijiko.

Hospitalini Daktari Kadzo akaniuliza:
"Maumivu, toka moja hadi kumi?"
Daktari, mimi huhesabu matundu.
Kofia moja ina mamia ya matundu,
na kila nililolitoboa
sasa lanitoboa mimi.

Akaandika.
Damu yangu ikavuka Mokowe, ikapanda basi,
ikafika Mombasa, nisikofika mwaka wa tatu huu.

Siku kumi na mbili.
Karatasi ikarudi: hasi. Hasi. Hasi.
Kila ugonjwa walioubishia hodi haukuitika,
na goti nalo limeanza, leo mchana, ngazini.

"Bado hatujui," akasema Kadzo,
wala hakutazama saa.
Ajabu, hilo ndilo neno la kwanza lililonipoza.

Kofia ya Shali imo mkebeni, ua lake nusu.
Harusi ni Shaabani.
Usiku huu nimejaribu kutunga uzi;
mara ya sita umepita.
Sikushona.
Sindano nimeichomeka pale pale nilipoachia,
ingoje.