Bila Ridhaa

Wakili Sirma anasoma kwa sauti, mimi napiga chapa:
"Kwa manufaa ya umma, Waziri ameamua
hataza iliyotajwa hapo juu itumike
bila ridhaa ya mwenyewe."
Anasita. Mwenyewe, au mmiliki?
Namwambia mmiliki. Mwenyewe ni neno la nyumbani.

Ghorofa ya tisa, dirisha halifungi,
honi za Haile Selassie zinaingia pamoja na vumbi.
Faili ni la kijani, limenona barua:
za madaktari, mwandiko wa watu wasiolala,
za mawakili wa kampuni, karatasi nzito kama kitambaa,
zinazotaja wizi mara saba. Nimehesabu.

Na katikati, imebanwa kwa pini yenye kutu,
risiti ya duka la dawa la River Road.
Vidonge kumi na vinne.
Nyuma yake, kwa kalamu ya bluu:
*hii ni nusu, nusu nyingine Mungu akipenda.*
Hakuna jina. Hakuna aliyeipiga muhuri wa kupokelewa.

Nayajua maneno haya, bila ridhaa.
Yalikuja Mukuru alfajiri, juu ya tingatinga la manjano,
na kwa manufaa ya umma yakalala juu ya kibanda cha mama.
Kalekye wa viatu aliinama akiokota soli mojamoja
kama anayechambua mchele wa wageni.
Barabara ilipita. Ni nzuri, nakiri, naipita kila siku.
Lakini mama bado huniuliza kama barua ya fidia imefika,
kwa kuwa mimi ndiye hufungua barua.

"Aya ya nne," asema Sirma.
"Mmiliki atalipwa fidia ya haki."
Vidole vyangu vinasimama.
Kuna nini?
Herufi imekwama, mheshimiwa.

Simnyimi aliyekesha akivumbua. Alipwe.
Ila kibanda kilikuwa kimoja; kilipoondoka, kiliondoka.
Ujuzi wa kidonge ni kaa la moto:
jirani akija na kigae chake kuomba,
unampa, na jiko lako linaendelea kuchemsha maharagwe.
Anayelia kuwa ameibiwa
sufuria yake bado inatokota.

Na ugonjwa, je? Uliomba ridhaa ya nani?

Napiga aya ya nne. Naipiga vizuri, bila kosa hata moja,
nikijua kuna mtu atakayeisoma kwa miwani ya dhahabu.
Lifti imekufa tangu Jumatatu.
Tarishi Mwachofi anabeba faili kwapani,
anapanda kwa miguu kutafuta sahihi,
na kwa mara ya kwanza maishani mwangu
nayasikia maneno yale yakipanda ngazi,
hayashuki kuja kwetu.

Risiti niliirudisha ndani kabla hajaondoka,
nikaibana mahali pake, kwa pini ileile.
Kidole kinaniwasha bado.