Viti Viwili

Tangazo lilisema viti viwili vya utafiti wa uzamivu,
na nafasi moja ya mafunzo kazini, miezi sita,
bila mshahara ila kadi ya chakula cha mchana.
Taasisi ya Maji ya Umma, Udine.
Ambatisha shahada. Ambatisha nakala ya kitambulisho.
Ambatisha stempu ya euro kumi na sita,
ambayo huuzwa kwenye duka la tumbaku na Fiorello,
naye kila mwaka huniuliza, "Bado tu, Ilde?"

Bado tu.

Mama alipiga randa miguu ya viti
miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha Manzano
hadi vumbi la mbao likahamia kifuani mwake.
Amekalisha nusu ya Ulaya, husema,
na binti yake hana pa kukaa.
Husema hivyo akicheka. Kisha hukohoa.

Fomu ilikuwa na kisanduku:
eleza kwa nini unaitaka kazi hii,
herufi elfu mbili, nafasi nazo zihesabiwe.
Nikaandika juu ya chemchemi za kusini mwa mji,
pale changarawe inapogota kwenye mfinyanzi
na maji yaliyozama milimani
yanarudi juu, baridi, bila kuombwa.
Zilizidi herufi kumi na mbili. Mfumo ukakataa.
Nikafuta "bila kuombwa".

Siku ya mtihani tulikuwa arobaini na mmoja
ndani ya ukumbi wa michezo wa shule,
kamba za kupandia zikining'inia juu yetu.
Profesa Tavoschi, mwenyekiti wa jopo
(na kweli, yeye ndiye mwenye kiti),
aliinua bahasha tatu, zimefungwa, zimetiwa sahihi.
"Nani atachagua kwa niaba ya wote?"

Kijana mmoja wa Gemona, Nevio,
tai yake ya kuazima ikimfika kitovuni,
akatoka mbele, akagusa ya kwanza, akaiacha,
akachukua ya kati.

Sheria ya maji na marekebisho yake.
Saa tatu niliandika vifungu
nilivyovisoma juzi, ndani ya treni, nikisinzia.

Kanuni inataka bahasha mbili zilizobaki
zifunguliwe nazo, zisomwe kwa sauti,
ili kila mtu ajue hakuna hila.
Ya kwanza: mafuriko.
Ya tatu: *mtahiniwa aeleze namna ya kupima
umri wa maji ya chemchemi za nyanda za chini.*
Miaka yangu minne. Profesa aliisoma
kama anayesoma ratiba ya basi,
akaikunja, akaitia mfukoni.

Mlangoni Nevio aliniambia samahani,
vile unavyomwambia mtu uliyemkanyaga.
Nikamuuliza kwa nini aliiacha ya kwanza.
"Ilikuwa na joto," alisema. "Mkono wa Profesa."

Orodha ilibandikwa siku ya Alhamisi.
Wa kwanza, mwanamke wa Padova nisiyemjua.
Wa pili, Nevio.
Wa tatu, mimi, kwa upungufu wa nusu alama.
Wa tatu anapewa mafunzo kazini. Kadi ya chakula.

Mama alinisindikiza kutia sahihi.
Tulingoja ushorobani, chini ya picha ya bwawa,
na ofisa alipochelewa
Mama aliinuka, akakipindua kiti alichokalia
miguu ikaangalia dari.
Akapitisha kidole gumba mahali ambapo mtu hatazami.
Muhuri wa Manzano. Mwaka niliozaliwa.
Nilidhani atalia, nikatafuta kitambaa.
"Mguu huu umelegea," alisema.
"Aliyeutia gundi alikuwa na haraka."

Akamwomba bawabu bisibisi.
Bawabu akaleta, akabaki amesimama,
akitutazama, wanawake wawili wamepiga magoti
kwenye sakafu ya serikali,
mimi nimeshika kiti, yeye anakaza,
kifua chake kikifanya sauti ya msasa.
"Samahani," bawabu akauliza,
"nyinyi ni wa idara gani?"