Nasaba ya Msumeno

Fernande Trottier aliuleta umeviringishwa blanketi
kama mtu aletaye mtoto mwenye homa,
akaulaza juu ya meza yangu ya kazi, hapa La Tuque,
theluji ikimyeyukia mabegani.
"Ulikuwa wa marehemu Ovila. Sina haja uwake.
Nataka kujua ni wa nani."

Nikaona swali jepesi. Ubavuni pana jina:
NORVAK, herufi nyeupe juu ya kijani.
Nikawaandikia Norvak. Wakanijibu kwa adabu:
namba hiyo hatuijui,
ila tunayo mipya, punguzo asilimia kumi.

Nikashika msasa.

Chini ya kijani ikachomoza njano,
njano ya kiini cha yai lililochemka kupita kiasi,
na jina jingine, nusu limeliwa: …LTON.
Halton, wale wa mashine za kukatia majani,
walionunua kiwanda na deni lake,
wakabandua kibandiko, wakabandika chao,
injini ileile, mlio uleule, bei juu.
Chini ya njano, nyekundu.
Nyekundu haikusema kitu.
Matundu mawili ya ribiti tu,
kama masikio yaliyovuliwa herini.

Kipupwe kizima nikawa mshenga wa kinyumenyume:
nani alimwoa nani, nani alimtaliki nani,
mahari ilikwenda wapi.
Nikapiga simu kwa wazee wenye vikohozi,
nikanunua katalogi iliyonuka panya,
nikalinganisha kabureta na kabureta, nati na nati,
hadi njia ikanifikisha mji wa Grand-Mère.
Nilicheka peke yangu karakana.
Mji unaitwa Bibi!
Ukifuata ukoo, utaishia wapi kwingine?

Castonguay na Wanawe. Wana walikuwa watatu
na hakuna wawili waliosalimiana.
Halton wakawameza. Benki ikawameza Halton.
Norvak, kutoka ng'ambo, wakachukua jina na orodha ya wateja;
kalibu walizipima kwa kilo, chuma chakavu.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na daftari lenyewe lilikuwa ghalani
mwaka ule mto ulipopanda ngazi.

Nilikuwa nimekata tamaa nilipofungua tumbo la injini.
Humo, jicho la mnunuzi lisimofika,
hakuna kijani wala njano,
magnesi tupu, kijivu kama alfajiri ya Februari,
na mhuri mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele:
16.

Nikamwita Fernande. Alivaa miwani, akavua,
akauvuta msumeno karibu kabisa na pua.
"Mhuri wa mkaguzi," akasema taratibu.
"Nilifanya kazi pale miaka miwili kabla sijaolewa.
Hatukuwahi kuona msumeno mzima.
Matumbo tu, yakipita kwenye mkanda,
matumbo mia tatu kwa siku."
"Na kumi na sita ni nani?"
"Lucienne Bellerive. Alifukuzwa kwa kuitisha mgomo.
Alikuwa akiimba puani."
Akanyamaza. Kisha akaugeuza msumeno kichwa chini,
mafuta yakamchuruzikia mkononi.
"Mimi nilikuwa tisini na moja."

Tukatazama sote wawili.
Namba ile, ukiishika hivi, ni Lucienne.
Ukiishika vile, ni yeye,
msichana wa miaka kumi na tisa mwenye nyundo ndogo,
aliyeupitisha mkononi mwake bila kuujua,
kisha akalala miaka arobaini
ukuta mmoja na banda ulimotundikwa.

"Ovila aliununua mnadani," akasema,
"kwa sababu ulikuwa rahisi."
Akajifuta mafuta kwenye koti lake zuri.
"Usiupake rangi."

Jioni nilimwandikia risiti.
Penye nafasi ya *Mtengenezaji*
niliandika Norvak, nikakata.
Castonguay, nikakata.
Nikaandika: 16, au 91.
Yategemea nani kaushika.