Mezani, Februari

Theluji imefika usawa wa dirisha,
na Leland ameikunjua Wisconsin juu ya meza ya jikoni,
pembe moja kaikandamiza kwa bakuli la sukari,
nyingine kwa kiwiko changu.
Usijitingishe, Verna, anasema,
nami nageuka jiwe la kuzuia karatasi,
mke wa miaka thelathini na minane.

Mipango si matumizi, najua.
Ila mtu wa baridi hii hana cha kutumia,
ana mipango tu.

Penseli nyekundu ni ya gari,
ya kijani ni ya baiskeli.
Siku ya kwanza, maili mia na arobaini,
tufike kabla ya giza, maana hema jipya
lina vijiti vingi kuliko akili zetu.
Siku ya pili, maili kumi na nane za kijani,
changarawe laini kandokando ya mto,
tambarare kama kiganja. Narudia: tambarare.
Goti langu la kushoto ni la kiwandani,
vilima hawajafundishana.

Kambi tunaigombania.
Yeye anataka kiwanja namba kumi na nne,
chini ya misonobari,
ausikie mto usiku kucha.
Mimi nataka thelathini na moja, jirani na choo.
Maji yatakayoniamsha usiku, namwambia,
hayatakuwa ya mto.
Anacheka hadi penseli inateleza
na njia ya kijani inavuka mto pasipo daraja.

Kuni tutanunua kulekule, za nyumbani marufuku, zina wadudu.
Viraka, gundi, pampu, mnyororo wa akiba.
Kikaango cha chuma, ambacho binti yetu Kirsten
anasema ni kizito kuliko baiskeli yake.
Kinakwenda.
Samaki hakaangwi kwa maoni.

Lakini nimeona kitu.
Penseli ya kijani inaifuata njia ya reli ya zamani
(vyuma viling'olewa Kirsten akiwa bado ananyonya,
mataruma wakauziwa wenye bustani),
inaifuata, inaifuata, kisha chini ya kilima
inaruka, inazunguka kwa barabara ya lami,
inaibukia upande wa pili
kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Pale kilimani pana handaki.
Giza la kushuka na kukokota baiskeli kwa mkono,
matone ya Julai baridi kama ya Novemba.
Baba yake alikuwa mlinzi wa milango yake,
milango ya mbao, mirefu kama ya ghala:
treni ikija, anaifungua,
treni ikipita, anaifunga,
barafu isije ikaupasua mwamba.
Asubuhi moja zamu ilikwisha na hakurudi.
Leland, miaka tisa,
ndiye aliyetumwa na chupa ya kahawa.

Mengine sijawahi kuuliza.
Kuna maswali hayaulizwi
meza ikiwa imejaa makombo.

Saa mbili kamili asubuhi kambi inaanza kupokea simu,
na viwanja vya Julai huisha kabla chai haijapoa.
Nimeamka kabla yake.
Msichana wa upande wa pili ana mafua.
Kumi na nne, namwambia.
Ya mtoni? Ya mtoni.
Choo kiko mbali, mama, ni mwendo wa dakika saba.
Si neno, nasema, nina tochi.

Ninazo mbili, kwa kweli.
Nimezilaza juu ya ramani
pale penseli iliporuka.

Leland anashuka ngazi na soksi moja mkononi.
Anaziona.
Anasimama muda wa kutosha birika kuanza kupiga mluzi.
Kisha anavuta kiti, anaketi,
anafungua kifuniko cha nyuma cha ile kubwa,
anakagua betri.