Godoro Chini

Kitanda cha fito tulikiuza Jumamosi
kwa pauni ishirini na tano,
akakibeba kijana mwenye gari la kuazima,
mkewe mjamzito wa miezi minane.
Nikamwambia skrubu moja imepotea.
Akasema, haidhuru.
Mtaani kwetu hapa Hull
kila kitanda cha mtoto kimepungua skrubu moja.

Tukalaza godoro chini,
mbali na rejeta ya ukutani,
juu ya zulia la rangi ya chai iliyopoa.

Mama akapiga simu kutoka Ujiji.
Nikamgeuzia kioo aone chumba.
Akanyamaza kitambo, kisha:
"Kashindi amefukuzwa kazi?"
Hapana, mama.
"Basi mbona mjukuu wangu mmemlaza chini
kama mgeni wa msiba?"
Nikamweleza: ashuke mwenyewe,
apande mwenyewe,
akiamka asilie kama mfungwa aliyeshika nondo.
Mama akacheka mpaka picha ikakwama,
mdomo wazi, kilemba upande.
"Nyie sita mlilala chini, nikaona haya.
Miaka mitatu nikauza mawese ninunue kitanda.
Kumbe nilikuwa nimewatangulia Wazungu!"

Kabla ya usiku wa kwanza
nilikitambaa chumba chote kwa magoti na viganja.
Nikaokota pini, sarafu,
punje ya wali iliyokauka ikawa jiwe.
Nikaziba soketi. Nikalifunga kabati ukutani
kwa ukanda wa chuma, nikalitikisa
kama mtu anayetafuta ugomvi.
Huko chini kitasa cha mlango kiko juu kama mwezi,
na dari ni habari ya watu wengine.

Usiku wa kwanza Zaituni alilala kama mzigo.
Wa pili pia.
Wa tatu, saa nane na nusu,
nikasikia kitu kikigusa zulia.
Si kuanguka, ni kushuka:
goti, kiganja,
goti, kiganja.
Nikasimama koridoni, mkono kwenye kitasa,
maziwa yakinichuruzika
kana kwamba yameitwa kwa jina.

Hakuita.
Alizungumza na kitu
(asubuhi nilikiona, soksi ya baba yake),
akagonga kabati mara mbili, fundi anapima ukuta,
akacheka.
Miezi kumi na mmoja nimemlea,
sikujua ana kicheko
ambacho hanichekei mimi.

Halafu kimya.
Nikahesabu mpaka mia. Nikaanza tena.
Nikasukuma mlango, mlango ukakataa.
Nyuma yake kuna uzito, kilo tisa na robo,
nazijua kwa bega, kwa nyonga,
kwa wino wa kadi ya kliniki.
Amekuja mpaka mlangoni
usingizi ukamkuta hapo hapo.

Nikisukuma, namwamsha.
Nikiita, nimemwita nani arudi wapi?
Nikavua kanga, nikaikunja,
nikajilaza upande wangu,
baridi ya mto Humber ikipenya mlango wa mbele
na kunitafuta nyayo.
Chini ya mbao palikuwa na upenyo,
mwembamba kama ukingo wa sahani.
Pumzi yake ilipita hapo,
ina harufu ya ndizi.
Nikaingiza kidole kimoja. Kikafika kwenye pindo la nguo yake,
nikakiacha hapo.

Kashindi alirudi saa kumi na mbili
ananuka gundi ya kiwanda cha karavani.
Akanitazama, akautazama mlango,
akachuchumaa.
"Sasa," akanong'ona, "nani amelala kwenye godoro?"

Hakuna, nikamjibu.
Vua viatu. Pita taratibu.
Na usiniamshe mpaka aniamshe yeye.